Apana ya Houda

Watoto wa mtaa wa Nyakabiga walikuwa na msemo wao: ukitaka kujua kusoma, nenda kwa Madamu Spéciose, ukitaka kulia, nenda huko huko. Mwanamke huyo alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakujua afanye nini na siku zake. Hazikupita wiki tatu, akatoa viti vya sebuleni, akavipanga barazani nyuma ya nyumba, chini ya bati, akaanza kuwapokea watoto wa majirani baada ya shule ili wafanye kazi zao za nyumbani. Walianza wanne, wakafika kumi na wawili. Alikuwa mkali, na sauti yake ilifika barabara ya pili. Lakini hakuna mtoto aliyetoka kwake akichanganya b na d, na wazazi hilo ndilo walilolitaka.

Siku moja ya mwezi wa kumi, saa tisa na nusu alasiri, alibisha hodi mwanamume aliyenawa mikono mpaka viwikoni, ingawa kucha zilibaki nyeusi za oili. Alikuwa Amissi, fundi wa magari kutoka Buyenzi. Nyuma yake, akiwa ameshikilia pindo la shati lake, alisimama msichana wa miaka minane mwenye sare ya bluu ya shule, macho yake yakiwa juu kwenye ukingo wa bati.

"Salama, Madamu. Mwalimu Bonfils ndiye ametutuma," alisema Amissi. "Huyu ni Houda, binti yangu. Hasemake hata neno moja."

Bonfils alikuwa mwanafunzi wa Spéciose zamani. Sasa alikuwa mwalimu kijana mwenye watoto tisini na mmoja katika chumba kimoja. Houda alikuwa mmoja wao. Shuleni hapo kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa chuma, na kila ilipogongwa Houda alipiga mayowe na kuingia chini ya dawati. Aliyejaribu kumtoa aliumwa. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuumwa, na mkuu wa shule, Bwana Herménégilde, alikuwa ametoa neno lake: mtoto avumiliwe mpaka likizo ya Noeli. Kama hakuna mabadiliko, abaki nyumbani.

"Daktari alisema ni autisme," Amissi aliendelea. "Kiswahili cha redio wanaita usonji. Nilimuuliza dawa. Akasema dawa haiko, iko kufundisha tu."

"Mi si daktari, Baba Houda."

"Najua, Madamu. Kwa daktari tulishaenda."

Spéciose alitaka kukataa. Maneno yalikuwa ulimini tayari. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale pale, na aliona aibu kumkataa mtu mbele ya macho yake, hata kama macho hayo yalikuwa yakitazama bati. Akasema wiki moja, waone.

Wiki ile ilikuwa ya taabu. Siku ya kwanza Houda hakukaa kitini hata dakika moja. Siku ya pili alikaa, akazimwaga kalamu za wenzake chini, akazipanga upya kutoka fupi hadi ndefu, na aliyejaribu kuchukua yake alisukumwa. Siku ya tatu Spéciose alifanya alichokifanya kwa miaka thelathini na mmoja: alimshika mtoto mkono, akambana vidole kwenye penseli, akauongoza mkono ule ili uandike herufi a. Houda alijikunja. Spéciose akakaza. Houda akamng'ata chini ya kidole gumba mpaka damu ikatoka.

"We mutoto!" Spéciose alipiga ukelele, na watoto wote wakaganda.

Ni Orlane peke yake aliyethubutu kufungua kinywa. Orlane alikuwa na miaka kumi, na kunyamaza hakukuwa katika vipaji vyake. "Lakini Madamu, ulimushika kwa nguvu," alisema.

"Nyamaza, uandike."

Orlane akanyamaza, akaandika. Lakini neno lake lilimkaa Spéciose moyoni kama mwiba wa samaki uliokwama kooni. Kila alipomeza, aliusikia.

Jumamosi asubuhi alijifunga bendeji safi, akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda Buyenzi kumwambia Amissi kwamba haikuwezekana. Njiani alipanga maneno: kwamba nia ilikuwepo, kwamba uzee umemfika, kwamba mtoto anahitaji watu wenye ujuzi.

Gereji ilikuwa ua mpana wenye magari matano yaliyofunguliwa matumbo. Nyundo zililia, chuma kilisagwa, mtu alikuwa akibishana kwenye simu. Na katikati ya kelele zote hizo, juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari, Houda alikaa kimya akichambua nati. Kubwa alizitia kwenye kopo moja la maziwa, za kati kwenye jingine, ndogo kwenye la tatu. Hakukosea hata moja.

Spéciose alisimama langoni. Akamwona Amissi akitoka kwenye injini aliyokuwa akiitengeneza, akimwendea bintiye na kuchuchumaa mbele yake. Hakumgusa. Aliinua kiganja, vidole vitano wazi, kisha akavikunja kimoja kimoja, taratibu. Kilipobaki kimoja, Houda aliweka nati chini, akaziba masikio yake mwenyewe. Amissi akarudi, akawasha. Injini ikanguruma mpaka mabati yakatikisika. Houda aliyumba mbele na nyuma kidogo, akasubiri kelele itulie, kisha akazirudia nati zake.

"Karibu, Madamu, utapigwa na jua hapo." Aliyesema alikuwa Adija, dada mkubwa wa Amissi, aliyemlea Houda tangu mama yake alipofariki. Alimwekea mgeni kigoda kivulini, akamletea chai ya tangawizi na maandazi mawili. Kisha akaiona bendeji. "Amekuuma?"

"Ameniuma."

"Pole sana, dada. Lakini yule haumake mutu bure. Pale iko anasema. Njia ingine ya kusema hana."

Spéciose alishika kikombe bila kunywa. Alikuwa akimkumbuka mtoto mmoja aliyeitwa Maxime, miaka mingi nyuma, katika darasa lake la kwanza. Maxime alikuwa akipiga kichwa ukutani wakati wa hesabu. Spéciose alimtoa nje, leo nje, kesho nje, akamwambia mama yake amfundishe adabu kwanza. Mama aliitikia kwa heshima, akamshika mtoto mkono, na hawakuonekana tena. Wakati ule Spéciose alihisi nafuu tu. Sasa, kwenye kigoda cha watu wengine, alihisi uso wake ukipata joto.

Amissi alikuja akijifuta mikono. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuambiwa jambo analolijua. Spéciose akamwuliza swali ambalo hakulipanga.

"Baba Houda, ile ya vidole, nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu, Madamu." Alionekana kushangaa. "Ni yeye. Nikiwasha bila kumuonyesha, analia. Nikimuonyesha, halii. Basi."

"Jumatatu umulete," alisema Spéciose. "Na unionyeshe tena, polepole. Nataka kuijua vizuri."

Jumapili baada ya misa alikata makasha ya sabuni vipande vilivyolingana na kiganja cha mtoto. Kwenye cha kwanza alichora mkono ulioinuliwa, kiganja mbele, mkono wa mtu anayesimamisha gari. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa: APANA. Alikuwa mtu wa sarufi. Alijua vizuri kwamba vitabuni neno hilo lina h mwanzoni, na kwa miaka yote aliwakata watoto alama kwa kuisahau. Lakini nyumbani kwa Houda walisema apana, na mtoto angeanza na neno analolisikia.

Kwa nini aanze na kukataa? Alikuwa amefikiri hivi: Houda amekuwa akikataa siku zote, kwa meno. Neno analo tayari. Kinachokosekana ni njia ya kulitoa bila kumwaga damu ya mtu.

Barazani alifanya mchezo. Alimpa Orlane ganda la ndizi; Orlane akampa kile kikaratasi; Spéciose akaliondoa ganda haraka, akisema, "Apana. Nimesikia." Kisha kiatu kilichochanika. "Apana. Nimesikia." Watoto walicheka wakataka zamu zao.

"Madamu," aliuliza Orlane, "na hesabu pia tunaweza kuipa karatasi?"

"Hesabu haijui kusoma. Kaa."

Houda alikuwa pembeni akipanga kalamu, kana kwamba hayupo. Siku nane zikapita hivyo, zikafika kumi na tano. Spéciose hakumshika tena mkono. Kabla ya kufunga dirisha, kabla ya kuburuta kiti, aliinua vidole vitano akavikunja, na Houda akajifunza kumtazama mkono, ingawa si uso. Meno yalipumzika. Lakini kikaratasi kilikaa tu mezani mbele yake.

Kilichokivunja kimya hicho ni parachichi. Spéciose aliwakatia watoto saa kumi, akampelekea Houda kipande. Hakujua kwamba Houda hawezi hata kuona kitu laini cha namna ile. Mtoto alirudi nyuma, shingo ikakaza, kinywa kikafunguka, na Spéciose akajua kinachofuata. Akasimama pale pale, parachichi mkononi, hakusogea mbele wala nyuma.

Mkono wa Houda ukapapasa meza. Ukakipata kikaratasi. Akakirusha, kikampiga Spéciose kifuani.

"Apana," alisema Spéciose, na sauti yake, ile ya barabara ya pili, ilitoka ndogo. "Nimesikia. Houda hataki parachichi." Akalificha nyuma ya mgongo.

Houda aliangalia mahali parachichi lilipokuwa. Halipo. Kisha akainua macho, akautazama uso wa Spéciose, moja kwa moja, kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Spéciose akaingia jikoni akisema anatafuta kisu. Kisu kilikuwa mezani, watoto wote walikiona, na Orlane akakifunika kwa daftari lake.

Baada ya hapo ilikuwa mafuriko. Houda alilikataa daftari, akayakataa maji, akakataa wimbo wa kuagana na kiti cha bluu. Kwa siku moja Spéciose alihesabu apana thelathini na nane, na zote alizisikia. Amissi alikuja jioni moja akitembea haraka, uso wake kama wa mtu ambaye mtoto wake amepata diploma.

"Madamu! Jana amenikatalia kuoga. Kwa karatasi! Ameniwekea hapa mukononi!"

"Na ukafanya nini?"

Furaha ikapungua kidogo. "Nilimuacha na vumbi lake. Nilikuwa na furaha sana."

"Kuoga ataoga, Baba Houda. Umwambie umesikia, umuonyeshe vidole vitano, kisha maji. Hatumufundishi kwamba kila kitu kitaondoka. Tunamufundisha kwamba akisema, kuna mutu anamusikia."

Si wote waliofurahi. Ingrid, mama wa mtoto aliyeitwa Chanelle, alikuja mpaka mlangoni, mkoba begani. "Madamu, nakuheshimu sana. Lakini mutoto wangu amekuja kusoma, hakuja kuangalia mutoto anarusha vitu." Spéciose alimweleza, Ingrid akasikiliza, akamshika Chanelle mkono. Msichana aliondoka akilia, na Spéciose alikaa siku kadhaa akiwa na uchungu, kwa sababu Chanelle alikuwa amebakiza kidogo tu asome mstari mzima.

Bonfils alikuja barazani mara mbili kujifunza. Alirudi shuleni na vidole vitano. Alimwomba anayegonga rimu amtolee ishara dirishani kwanza. Yeye akasimama mbele ya Houda, akakunja vidole. Siku ya kwanza darasa lilishangaa. Siku ya pili wachache waliiga. Kufikia wiki ya pili watoto wote tisini na mmoja walikuwa wakihesabu vidole vya mwalimu na kuziba masikio kwa pamoja, macho yamefumbwa, wakicheka, huku rimu ikilia nje bila mtu wa kuisikiliza. Na katikati yao Houda, masikio yamezibwa kama ya wenzake.

Wiki ya mwisho kabla ya Noeli, mkuu wa shule aliingia kuona. Bonfils alikuwa amemwalika Madamu Spéciose akae dawati la nyuma. Bwana Herménégilde alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye maamuzi yake hayakuwa na ubaya wala subira. Alisikiliza somo kidogo, kisha akamwendea Houda.

"Njoo ubaoni, binti," alisema, akanyoosha mkono kumshika bega.

Spéciose alilishika dawati kwa mikono miwili.

Houda alirudisha bega nyuma. Akashika kikaratasi kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, akakivua, akakiweka katika mkono uliokuwa ukimjia. Mkuu wa shule akakigeuza upande huu na ule.

"Hii ni nini?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Bonfils. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akamsaidia mkubwa wake kuelewa: "Bwana Direkteri, amekataa."

"Amenikatalia mimi?"

Spéciose alisimama. "Amekukatalia, Bwana Direkteri. Mwezi wa kumi angekuuma."

Darasa zima likaangua kicheko. Bwana Herménégilde hakucheka, lakini pembe moja ya mdomo wake ilimsaliti. Aliangalia kovu jipya kwenye mkono wa Spéciose, akaangalia kikaratasi.

"Na kusema ndiyo, mutamufundisha lini?"

"Tumeshaanza. Lakini mutu asiyeweza kukataa, ndiyo yake utaiamini vipi?"

Mkuu wa shule alikirudisha kikaratasi kwa mwenyewe, akaokota chaki, akainyoosha kutoka mbali, akangoja. Darasa lote likangoja. Houda hakuinuka. Alikiangalia kipande cha chaki, akaangalia dirisha, akaanza kupanga kalamu zake. Mwishowe mkuu wa shule aliiweka chaki pembeni mwa dawati la Houda, akatoka.

Uani alimwambia Spéciose uamuzi wake. Mtoto atabaki mpaka mwisho wa mwaka wa shule, kila asubuhi hadi mapumziko, baadaye wataona. "Lakini sitaki kusikia tena ameuma mutu."

"Hilo siwezi kukuahidi," alisema Spéciose.

"Basi uniahidi utakuja kumusaidia Bonfils."

"Jumanne na Alhamisi," alijibu, kabla hajafikiri, na jioni ile alipomweleza Amissi, fundi yule aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto barazani, akafunika uso kwa mikono yake yenye kucha nyeusi, akakaa hivyo mpaka Houda alipokuja kuvuta pindo la shati lake ili waende.

Tangu hapo mambo hayakuwa laini kila siku. Jumanne moja ya mwezi wa pili mvua kubwa ilishuka ghafla, na bati la darasa likalia kama limemwagiwa mawe. Mvua haina vidole vya kukunja. Houda aliingia chini ya dawati akapiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Kikaratasi alikitoa mara tano, sita, akikielekeza juu kwenye bati, na mvua haikukisoma. Spéciose hakuwa na la kumwondolea. Akavua kitenge chake cha mabegani, akapiga magoti, magoti ya miaka hamsini na tisa, akaingia chini ya dawati naye. Alikitandaza kitenge kikawafunika wote wawili, akakaa akimpa mtoto mgongo, bila kumshika. Juu yao Bonfils, asiyeweza kusikika, aliandika ubaoni na watoto wakanakili.

Ilichukua nusu saa. Mayowe yakawa kilio, kilio kikawa kwikwi, na kabla mvua haijakatika kabisa Spéciose alihisi uzito mdogo ukiegemea mgongo wake, ukakaa.

Jua lilipotoka, wenzao walimiminika uani kukanyaga madimbwi. Houda akatambaa akatoka. Spéciose alijaribu kumfuata, akashindwa. Goti moja lilikataa na jingine likaliunga mkono.

"Nisaidieni, watoto, Madamu amekwama!"

Wakaja sita, wakamvuta kwa mikono, wakisukumana kwa kucheka, Bonfils naye akisukuma dawati upande. Spéciose alipokuwa ameinuka nusu alihisi mtu mwingine akivuta ukingo wa gauni lake, kwa bidii, kwa mikono miwili. Alikuwa Houda, macho dirishani, akivuta kama wengine.

Saa nne Amissi alikuwa langoni, suruali imelowa.

"Leo haikuwa nzuri, Baba Houda," Spéciose alimwambia, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kuambiana ukweli. "Amelia sana. Ni mvua."

"Nilijua. Niliiona inashuka, nikaacha gari la watu wazi." Akainamia bintiye, akamwonyesha vidole vitano, akamfuta uso kwa kitambaa. "Na we, Madamu? Unachechemea."

"Mi niko muzima. Alhamisi nitakuja."

Houda alikuwa amekwisha kuanza kutembea, akikanyaga kila dimbwi mara mbili mbili, na baba yake akamfuata nyuma bila kumharakisha.